Neno la Siri la Mama Pacha

Jumatatu, 4 Machi

“Tumevamiwa na wadukuzi hodari wa kimataifa. Hakuna hospitali ambayo ingeweza kujikinga.” Maneno ya Mkurugenzi, yamebandikwa kwenye mlango wa kantini, na muhuri juu yake. Hodari! Anayeingia kwa mlango ulioachwa wazi anahitaji miguu tu.

Mafaili ya wagonjwa mia tatu wa kliniki ya virusi vya Ukimwi yamenakiliwa na kutawanywa kwenye simu za watu. Majina, namba, dawa. Aya ya mwisho ya tangazo inasema akaunti iliyotumika ni ya Mama Pacha wa mapokezi. Amesimamishwa. Ijumaa kuna kikao cha nidhamu, kisha polisi.

Kwanza wadukuzi wa dunia nzima, halafu mama mmoja wa mapokezi. Nimeshindwa kumaliza chai.

Jumanne, 5 Machi

Niandike tunavyofanya kazi hapa, maana hakuna mwingine atakayeandika. Mama Pacha hufika wa kwanza. Anawasha kompyuta, anaingia kwenye mfumo kwa jina lake, na siku nzima sote tunapita humo humo. Madaktari, famasia, mimi huku masjala. Kila mtu alipewa akaunti yake miaka miwili iliyopita. Yangu niliifungua siku ya mafunzo, kwa sababu tulikuwa tunapigwa picha.

Neno lake la siri liko kwenye karatasi chini ya kibodi: majina ya wanawe na mwaka waliozaliwa. Akiwa likizo tulikuwa tunampigia kuuliza kama amelibadilisha. “Nilibadilishe ili mnisumbue nikiwa nanyonyesha?”

Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za mfumo, hospitali nzima ni mtu mmoja. Na mtu huyo ni yeye.

Jumatano, 6 Machi

Nimeenda kwa fundi wa kompyuta. Kafunga mlango kwanza.

Wiki mbili zilizopita Mkurugenzi alipata barua pepe: mfumo unahamishwa, bonyeza hapa, weka jina na neno la siri kabla ya saa sita. Anwani ya mtumaji ni ya duka la viatu. La viatu! Hakuitazama. Ukurasa ulifanana na wetu, naye neno lake mwenyewe hajawahi kulijua, akaweka la Mama Pacha. Ulipogoma akampigia fundi kulalamika: nimeweka la Mama Pacha mara mbili, halikubali.

Lilikubali. Kwa mwizi.

“Hakuvunja kitu, Mwalimu. Aliomba, akapewa.” (Mwalimu ni mimi, kwa sababu ya vitabu na makala ninazoandika magazetini.) Mwaka jana fundi alitaka tuweke hatua ya pili: namba inayotumwa kwenye simu ya mwenye akaunti kila anapoingia. Mkurugenzi alikataa. Eti itatuchelewesha.

Nikamwambia aandike hayo. Akasema mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu, mimi mwenye ajira ya kudumu ndiye nisiyefukuzika.

Alhamisi, 7 Machi

Mshonaji mmoja, mgonjwa wetu, amesimama dirishani kwangu asubuhi. Anataka nichome faili lake. Wateja wake wamekuja kuchukua vitambaa vyao, hata havijakatwa. Wengine wamemtuma mtoto. Nikamweleza kwamba la karatasi naweza kulichoma, lililo kwenye simu za watu siwezi. Akasema, “Basi lichome hilo unaloliweza, baba.” Sikuweza hata hilo. Ni kosa kisheria. Kuanika la kwake hadharani, hilo tumeliita ajali.

Mchana Mama Pacha kanipigia. Sauti ya chini. “Kaka, si hata wewe ulikuwa unatumia langu?”

Nikasema nitampigia baadaye.

Nimemsimulia mke wangu. Hakuinua kichwa kwenye nguo alizokuwa anakunja. Miaka ishirini unawaandikia wakubwa makala za kuwavua nguo, akasema, na leo sentensi moja ya kumwokoa mtu imekukwama kooni. Najichukia kuliko ninavyomchukia Mkurugenzi, na huyo namchukia vya kutosha.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeiandika. “Mimi, mtunza masjala, nimetumia akaunti ya Mama Pacha kila siku kwa miaka miwili. Mkurugenzi pia. Simu yake kwa fundi ni ushahidi.” Sahihi. Chini yake mistari kumi na mmoja mitupu.

Nimeisoma kantini wakati wa chai. Muuguzi mkuu: leo Mwalimu kaamka na vita. Mfamasia anasema yeye alitumia mara chache. Ngapi? “Za kazini tu.” Wakacheka. Wakarudi kwenye maandazi yao.

Sasa niko kwenye benchi nje ya chumba cha kikao. Mama Pacha ameitwa ndani, kavaa gauni la kanisani. Nasikia Mkurugenzi akimuuliza kwa nini hakulinda neno lake la siri. Karatasi bado ina sahihi moja.

Daktari wa zamu, mfamasia, muuguzi mkuu, nanyi nane mlioinamia vikombe: kila mmoja afungue akaunti yake leo, na neno lake asimpe mtu, hata bosi. Lakini hilo baadaye. Kwanza inukeni, mje hapa mtie sahihi, kabla hajajibu.