Jovitus na chupa ya mubirizi

Asiimwe, acha unachofanya usome hii. Jovitus, yule daktari bosi wa Kokwijuka kule maabara, leo kajivua nguo mwenyewe mbele ya watu wa Kihanga.

Walikuja kuwapa wanakijiji majibu ya yale majani ya mubirizi, ile dawa yao chungu ya kienyeji waliyoichukua kupima. Jamaa kasimama na suti yake, kainua chupa ya dawa, kasema, "Mubirizi wenu umeua virusi vya mafua makali." Makofi. Koku kainamisha kichwa, maana vipimo alifanya yeye. Virusi vilikufa kweli, lakini na seli hai walizooteshea virusi hivyo zilikufa zote, yaani dawa yenyewe ni sumu.

Bibi Verdiana, mjukuu anakohoa mgongoni, akauliza, "Kwa hiyo huyu nimpe?"

Jovitus akamkabidhi chupa. "Mpe kijiko asubuhi na jioni."

Kijiko. Mtoto ambaye hata kutambaa hajui.

Hapo Koku akashindwa kuvumilia. Akasimama. "Bibi, usimpe. Hata jiki inaua virusi, na hakuna anayemnywesha mtoto jiki. Mpeleke zahanati."

Jovitus akacheka, eti binti ana woga. Bibi akamrudishia chupa. "Basi kunywa wewe kwanza, baba, nikuone."

Unajua alijibu nini? Ana vidonda vya tumbo. Daktari mzima, watu wote wanamtazama, ana vidonda vya tumbo.

Bibi akakaza kanga ya mtoto, akatoka kwenda zahanati. Koku akamfuata na mwavuli. Kazi labda hana tena, lakini anasema hajuti hata kidogo.