Wamechukua Duka la Ngarenaro, Wamenipa Terrat

Terrat, Arusha

Mdogo wangu Hamisi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Ujiji, mgongo umepoa na shemeji bado hajakuchoka. Sisi huku ni wazima, ila baridi ya Meru inatugombeza kila asubuhi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikianza kujisifu unakata.

Basi jua kwamba kaka yako sasa anamiliki maduka matano ya kuku wa kukaanga.

Haya, natania, usiende kutangaza barazani. Nilikuwa na moja tu, la Ngarenaro, na hilo moja wamelichukua mwezi uliopita.

Unakumbuka ile kampuni ya Dar iliyonipa jina lake, bango na viungo, duka likawa langu kwa muda wa mkataba nami nikawa nawapelekea fungu lao kila mwezi? Wakati ule huku hakuna aliyewajua. Walinibembeleza kama mchumba. Mimi na shemeji yako Zaina tukakaanga mpaka mtaa mzima ukatujua kwa harufu. Sasa kampuni imenenepa. Mkataba ulipoisha wakamtuma binti mmoja mpole.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Adabu yote hii, umekuja kuchukua nini?"

Akacheka, kisha akasema. Maduka yaliyochangamka kampuni sasa inayaendesha yenyewe. Yale ya pembeni, ambako jina bado geni, ndiyo wanawapa watu kama mimi. Akanitajia Terrat.

"Kwa hiyo mimi ni kuku wa kuatamia," nikamwambia. "Vifaranga wakitoka, mnabeba."

"Kampuni zikikua ndivyo zinavyofanya, babu."

Nilinuna. Zaina ndiye aliyenizindua. "Mzee, duka likijaa wewe unasinzia kwenye kiti. Raha yako ni kuanza." Mwanamke huyu ananijua mpaka inaudhi. Nikamrudia binti: Terrat naikubali, ila ikichangamka wasiichukue bure kama Ngarenaro, wainunue, na iandikwe. Akapiga simu Dar, wakabishana weee, ikaandikwa. Nikaweka sahihi yangu, ile unayosema inafanana na mjusi aliyekanyagwa.

Kwa hiyo nimeridhika, usinihurumie. Terrat kuna nafasi, nyumba mpya zinachipuka kila upande, na kuku wa maana hakuna. Shida moja tu. Tulifungua jana, watu wakachungulia, wakaona viti vitupu, wakaenda zao. Na duka lisipochangamka, nani atalinunua?

Nisalimie shangazi aliyetulea, baba mkwe wako muuza dagaa, na shemeji mwenyewe, mvumilivu yule.

Sasa Hamisi. Ulipotaka kuoa, mshenga wako nilikuwa mimi. Nilikaa ukweni kwako kutwa nzima nikiapa kwamba wewe ni mchapakazi, na hukoromi. Hujanilipa. Panda basi uje, ukae meza ya mlangoni, ule kuku taratibu na watu wakuone.

Kaka yako,
Ramadhani