Mama Amesikia Neno Dhamana

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Cherehani yangu imetengenezwa, na paa la jikoni halivuji tena.

Juzi alikuja afisa wa benki kupima nyumba. Mama alimuuliza kulikoni, akajibiwa, "Mwanao ameiweka dhamana." Mama akaangua kilio. Dhamana anayoijua yeye ni ya polisi, basi akadhani umekamatwa. Akaanza kukukunjia blanketi akuletee rumande.

Nilimkalisha nikamweleza taratibu, "Mama, kaka hajafungwa. Amekopa, na asipolipa, benki itaiuza nyumba hii."

Akalikunjua lile blanketi. Kisha akauliza, "Hati ina jina langu. Aliyetia sahihi ni nani?"

Nikajifanya natafuta uzi. Afisa alikuwa amenionyesha ile karatasi, kaka. Jina ni la mama, mwandiko ni wako.

Jumatatu anakwenda benki mwenyewe. Watamuuliza kama sahihi ni yake. Akikana, utafungwa kweli. Akikubali, nawe usilipe, hatuna pa kulala. Njoo umwangukie miguuni kabla hajafika huko, maana mimi nikimtazama siwezi kujua atajibu nini.

Ni mimi dada yako, niliyebaki naye.