Mguu Unaojiziba

Kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake hauna maradhi, unamjua.

Uliniuliza kama ile plastiki ya maabara yetu imefaulu. Imefaulu, kaka. Ikipasuka unaipasha moto. Chembe zake zilizoshikana zinaachiana, na ikipoa zinashikana upya, ufa usiuone tena. Mkuu wangu aliniruhusu nimtengenezee Baba kikombe cha mguu wa bandia, kile anachoingizia kigutu, maana cha kwanza kilikuwa kikipasuka kwa kukanyaga pedali ya cherehani.

Ungemwona alivyoringa. Aliwaambia wateja kwamba fundi nguo sasa ana mguu unaojishona wenyewe. Kilipopata ufa, Mama alikipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, huku akinung'unika kwamba yeye hajawahi kuhudumiwa hivyo hata saluni. Ufa ukaziba. Tulicheka mpaka machozi.

Kumbe ndani ya kikombe kigutu kilikuwa kinaoza. Kisukari kilishamtia ganzi, hakusikia maumivu, na alipoona damu kwenye soksi aliifua mwenyewe kimyakimya. Daktari anasema asipokatwa juu ya goti hatamaliza mwezi, na hata akikatwa, moyo wake huenda usihimili.

Nilimpigia Baba magoti akubali kukatwa. Nilimwahidi mguu mwingine, mwepesi kuliko huu. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Plastiki yako haina kosa, mwanangu. Mimi ndiye nisiyeungika."

Sasa nikwambie nilichokuficha, maana kwenye simu siwezi, Baba anasikia kila kitu. Amekataa kukatwa. Nami nimekubali. Jana nilimtoa hospitali, nikamrudisha chumbani kwake. Aliniapisha nisikwambie, anaogopa utakuja kumbembeleza akashindwa kukukatalia. Kiapo hicho nimekivunja kwa mkono huu.

Usije kumshawishi, kaka. Njoo umwone tu, kama utawahi. Homa imepanda, na leo asubuhi aliniita kwa jina la shangazi, nikaitika.

Mama angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia. Nibusie watoto, na wifi mwambie namkumbuka.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Bibi Maswali, kama ulivyozoea kuniita