Gari la Kaka Yako

Kwa wifi yangu mpenzi,

Watoto wazima, na mdogo mafua yamemwisha. Asante kwa rambirambi zako.

Sasa habari za kaka yako, fundi wa kila kitu. Tukienda kumzika baba yangu, aliiacha lami akashika njia ya mkato, eti gari lake la porini halijui tope. Kumbe tope linamjua yeye. Tukanasa. Wafyatua matofali wanne wakaja kutusaidia, na bwana mkubwa akawafukuza: "Msiguse! Hili si toroli." Saa tatu nzima anakanyaga mafuta, gari linazama, mimi natazama saa.

Mwishowe mama mmoja kati yao hakumwomba ruhusa. Alichuchumaa, akazungusha kidude cha duara kilicho katikati ya kila tairi la mbele. Kumbe kisipozungushwa kwa mkono, matairi ya mbele hayavuti. Miaka sita analo gari, hajui! Wenzake wakasukuma, likatoka. Kaka yako akawapungia mkono: "Mmeona gari hili?"

Baba nilimkuta ameshafukiwa. Nilipotoka kaburini, kaka yako alikuwa akiwasimulia waombolezaji jinsi alivyolitoa gari topeni. Nikatia mkono kwenye koti lake, nikachukua ufunguo.

Akifika kwako kwa basi, mpe chakula, ni ndugu yako. Gari ninalo mimi, na vile vidude nimeshajua kuvizungusha.

Wifi yako, kama bado unanitaka.