Nilikuwa Nyuma Yao

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mwalimu Constantin, wa Kifaransa, ametuletea tamthilia ya Italia, ya wakati wa Renaissance. Mtawala anarudi kutoka vitani na mtoto wa nje ya ndoa — mji mzima vigelegele! Mke wake amepokea barua moja tu ya kijana: anafungiwa kwa masista mpaka kufa. Mwalimu akauliza: nani ana kosa? Wavulana wote: mke! Barua aliifungulia nini? Nilikuwa na jibu. Sikunyoosha mkono.

Tutaiigiza shuleni: Aristote atakuwa mtawala, Abigaïl mke. Mimi nitakaa nyuma ya pazia na karatasi, niwakumbushe maneno. Hapo pananifaa.

Jumamosi, 17 Mei

Tumekwenda Kasapa, chuo kikuu, kwa kaka yake Aristote, kuazima joho la mtawala. Wao wawili mbele wakicheka, mimi nyuma, kama siku zote. Dakika kumi chumbani, mlango wazi. Tukarudi.

Jumapili, 18 Mei

Kwenye misa Abigaïl hakucheza na ba-joyeuses, wale wasichana wa kucheza mbele ya altare. Kuna mtu aliwaona jana wakitoka chumbani, yeye na Aristote. Mimi hakuniona! Maman Germaine, kiongozi wao, amemvua kitambaa cha kikundi mbele ya wenzake: mutoto mwanamuke akisha kuchafuka, ni basi.

Aristote alibeba chetezo. Alifukiza vizuri sana.

Jumanne, 20 Mei

Préfet, mkuu wa shule, amemtoa Abigaïl kwenye mchezo. Nafasi yake nimepewa mimi, maana najua maneno yote. Nilikubali kwa kichwa.

Abigaïl alinisubiri getini.

"Ulikuwa na sisi. Semaka tu, ma chère."

Kesho, nikamwambia. Nikisema, na jina langu litatembea mtaani.

Jumatano, 21 Mei

Nimesema. Kwa préfet mwenyewe: tulikwenda watatu, mlango wazi.

Préfet akaandika jina langu. "Ah bon! Donc batoto banamuke balikuwa babili."

Ni hayo tu aliyosikia. Akampigia Papa, baba yangu, simu.

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi. Abigaïl amekuja kukaa kando yangu, bega kwa bega. Aristote amepita na joho mkononi. Préfet amemwita kwa dirisha — mon fils, mwanangu, harakisha, mazoezi imeanza!

Papa ameingia getini. Ameona nimekaa na nani. Ananionyesha kwa kidole nisogee, nimwache Abigaïl peke yake.

Bado sijasogea.