Plasta Iliyovuliwa kwa Ajili ya Hina

Bi Mwanapili, shikamoo. Nnakuandikia kwa mkono wa kushoto, mwandiko ukikupa tabu uniwie radhi, nnahitaji msaada wako kabla mambo hayajaharibika zaidi. Mimi ni biharusi, naolewa Ijumaa hii, na wiki chache nyuma niliteleza kwenye ngazi za nyumba yetu nikavunjika mfupa wa mkono wa kulia karibu na kifundo, hospitali wakanipiga picha, wakaunyoosha, wakanifunga plasta wakasema nisiitoe mpaka wanione tena, lakini shangazi yangu Faiza akasema hajapata kuona biharusi wa kupakwa hina mkono mmoja, na wifi zangu wana maneno, watasema kaka yao kaozwa kilema, basi jana tukauloweka mkono kwenye ndoo na shangazi akaikata plasta kwa kisu cha mkate. Maumivu yalikuwa yameshakwisha, ndiyo maana nikakubali, ila tangu asubuhi mkono umevimba na nnauona kama umepinda, na shangazi anasema yuko mzee ataukanda kwa mafuta ya nazi, na fundi wa hina anakuja kesho. Mama hajui, nnauficha ndani ya khanga. Bibi, nikandwe kwanza au nipakwe hina kwanza?

Nadra, Mji Mkongwe

Marahaba. Barua yako nimesomewa mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani msomaji ananitania. Ati nikandwe kwanza au nipakwe hina! Unaniuliza kati ya upumbavu wa aina mbili upi utangulie?

Plasta si nguo, mwanangu, hata uivue kwa kuwa haipendezi na gauni. Mfupa uliovunjika una ncha mbili. Hospitali walizikutanisha, plasta ikazishika zisisogee, mwili wako ukawa unaziunga polepole. Kinachoota pale mwanzo ni laini bado. Na yale maumivu hayakwisha kwa sababu umepona, yalitulizwa na hiyo hiyo plasta mliyoitupa jaani. Mfupa ukiunga kombo utabaki kombo, mpaka upasuliwe. Na mzee wa mafuta ya nazi akakande migongo iliyochoka, mfupa mbichi haukandwi! Yeye ana macho ya kuona ndani ya nyama?

Wifi zako wana maneno? Waseme, midomo yao haikufungwa plasta. Na bwana harusi kama anaoa hina, akamuoe fundi wa hina wakapakane.

Mwambie mama yako sasa hivi. Atapiga kelele, na umestahili. Vua pete na bangili za mkono huo, uegemeze kwenye gazeti lililokunjwa, uufunge kwa khanga bila kukaza, uuning'inize shingoni. Usiunyooshe mwenyewe. Nenda hospitali leo, useme yote, na kisu cha mkate ukitaje. Wakishakufunga tena, vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi, vikigeuka rangi, au maumivu yakizidi, rudi hapo hapo, hata kama ukumbi mzima unakungoja.

Hina upakwe miguu na mkono wa kushoto. Vidole vya mkono mgonjwa viachwe vitupu, rangi yake ionekane. Ijumaa ukae kwenye kiti chako na plasta yako nyeupe, kichwa juu. Nitakuja kukupigia vigelegele mimi mwenyewe.

Na Faiza nimemwekea boflo kwangu. Aje na kisu chake akate mkate, ndiyo kazi yake.

Hina itafutika hata hujazoea jiko la mumeo. Mkono utabaki nao. Haya inuka, bado unasoma nini?